Tiba Iliyozoeleka Nayo Ipimwe

Mwaka 2009 hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kupima jambo ambalo madaktari wengi waliona halina haja ya kupimwa. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, fahamu zinampotea. Akitundikiwa dripu na kumiminiwa maji mengi kwa haraka, je, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko akipewa maji taratibu? Miongozo ya nchi tajiri ilikuwa imeshajibu: mmiminie, tena upesi. Utafiti huo, uliopewa jina la FEAST, uliandikisha watoto zaidi ya 3,100 katika hospitali za Kilifi, Muheza, Mbale, Soroti, Lacor na Mulago. Januari 2011 ulisimamishwa kabla ya kumalizika, kwa kuwa jibu lilikuwa limejitokeza upande usiotarajiwa. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka walikufa kama 10.5. Katika kila 100 ambao hawakumiminiwa walikufa 7.3.

Watoto wa kundi hilo la pili hawakuachwa bila huduma. Walipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, damu kwa waliohitaji, na maji ya kiasi cha kawaida ya kuwatunza. Kilichoondolewa ni kitendo kimoja tu, kile ambacho kila mtu aliamini kuwa ndicho kinachookoa.

Kuanzia hapo ndipo swali zima la utafiti wa tiba hospitalini linapopaswa kutazamwa. Mjadala wetu mara nyingi huwa juu ya dawa mpya: imepimwa wapi, ina madhara gani, waliojaribiwa ni akina nani. Ni maswali ya haki. Lakini dawa mpya haifiki wodini kabla ya kupita milango mingi ya ukaguzi. Tiba ya mazoea ilishaingia zamani na haiulizwi kibali. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na wodini taabu hiyo inaweza kuhesabiwa kwa vifo.

Jicho la daktari halitoshi

Mtu anaweza kuuliza: daktari aliyehudumu miaka ishirini hajui kinachoponya na kisichoponya? Hesabu za FEAST zinaonyesha kwa nini hawezi kujua peke yake. Daktari anayewamiminia maji watoto 100 wa namna hiyo ataona karibu 90 wakivuka siku mbili za kwanza. Kila mmoja wao ataonekana ameokolewa na dripu, na wanaokufa wataonekana walichelewa kuletwa. Vifo vitatu vinavyozidi katika kila watoto 100 havina alama usoni. Havionekani mpaka kuwe na kundi la pili la watoto wanaofanana nao kwa kila hali isipokuwa hiyo moja.

Tena jicho lilidanganywa kwa njia nyingine. Saa moja baada ya kumiminiwa maji, dalili za mzunguko hafifu wa damu zilitoweka kwa watoto wengi zaidi katika makundi ya dripu ya haraka kuliko katika kundi la ulinganisho. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba tiba inafanya kazi. Vifo vilikuja baadaye, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi wa waliozidi kufa hawakufa kwa kujaa maji mapafuni, kama ilivyodhaniwa mwanzo, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuzidiwa.

Njia ya kulinganisha makundi ilipata heshima yake mwaka 1948, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipochapisha matokeo ya streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Nani apate dawa na nani apumzishwe kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi, iliamuliwa kwa nasibu, kwa mpango ulioandaliwa na mtakwimu Austin Bradford Hill. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 wasioipata. Nasibu humzuia daktari asiwape dawa wale anaowaona wana nguvu na kuwanyima waliokwisha dhoofu, au kinyume chake. Makundi yanaanza sawa, kwa hiyo tofauti inayojitokeza mwishoni haina pa kutokea isipokuwa kwenye tiba au kwenye bahati, na idadi kubwa ya wagonjwa hupunguza nafasi ya bahati.

Kuna kinga nyingine pia. Utafiti mkubwa huwa na kamati huru inayoruhusiwa kuangalia hesabu kabla ya wakati, huku madaktari wanaoutekeleza wakiwa hawazijui. Kamati ya namna hiyo ndiyo iliyosema FEAST isimame.

Acha, badilisha, chagua

Ukiyapanga majibu yaliyotoka katika wodi za Afrika na kwingineko kwa miaka ishirini hivi, yanaangukia katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kuacha. FEAST imo humo, lakini haiko peke yake. Kwa miongo kadhaa majeruhi wa kichwa walikuwa wakidungwa dawa za steroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Utafiti wa CRASH ulipowaandikisha watu wazima 10,008 katika nchi 49, matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba katika wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi na asilimia 17.9 ya ambao hawakupewa. Kwa nchi zetu, ambako majeruhi wa bodaboda hawakosekani wodini, hilo si habari ya mbali.

Fungu la pili ni la kubadilisha. Kwa vizazi vingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini, na hospitali ikikosa kwinini ilihesabiwa haina kitu. Mwaka 2005 utafiti wa Asia ulionyesha kwamba sindano ya atesuneti ilipunguza vifo hadi asilimia 15, dhidi ya asilimia 22 kwa kwinini. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa watu wazima, na wataalamu walisita, kwa haki, kuyahamishia matokeo hayo kwa watoto wa Afrika. Ndipo ukafanyika utafiti wa AQUAMAT katika nchi 9 za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo, kwa watoto 5,425. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atesuneti na 10.9 kwa kwinini. Sababu inaeleweka: atesuneti huua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla havijaganda katika mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine, wakati kwinini huvikuta vimeshakomaa. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2010, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaelekeza watoto nao watibiwe kwa atesuneti.

Fungu la tatu ndilo gumu, na halisemwi sana: inategemea mgonjwa. Utafiti wa TRACT, uliochapishwa 2019 kutoka Uganda na Malawi, uliuliza maswali mawili juu ya watoto waliopungukiwa damu sana. La kwanza: mwenye hemoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita, asiye na dalili nyingine za hatari, aongezewe damu papo hapo au asubiri huku akiangaliwa? Vifo vilikuwa vichache pande zote mbili, na tofauti haikuthibitika. La pili: aongezewe mililita 20 au 30 kwa kila kilo ya uzito? Kwa ujumla hakukuwa na tofauti, lakini ndani ya jibu hilo kulikuwa na majibu mawili yaliyofutana. Watoto wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, na wenye homa walidhurika nacho. Kipimajoto cha bei nafuu kikawa ndicho cha kuamua damu kiasi gani itoke benki.

Fungu hili linatukumbusha pia mipaka ya kila utafiti. FEAST haikuwachukua watoto wenye kuharisha na kukaukiwa maji wala wenye utapiamlo mkali. Anayesoma matokeo yake na kumnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kipindupindu atakuwa ameua kwa jina la ushahidi.

Detroit na Lusaka

Kwa nini basi tusingoje utafiti wa nchi zenye fedha, kisha tufuate? Jibu lipo katika safari ya tiba moja kutoka hospitali ya Detroit hadi ya Lusaka.

Mwaka 2001 madaktari wa hospitali moja ya Detroit, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 263 waliokuwa na maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu na kuangusha shinikizo. Waliotibiwa kwa utaratibu mpya wa maji mengi mapema, dawa za kupandisha shinikizo na damu walikufa asilimia 30.5. Waliotibiwa kwa utaratibu wa zamani walikufa 46.5. Habari hiyo ilienea duniani na kuwa mwongozo.

Lusaka, katika Hospitali ya Chuo Kikuu, utaratibu wa kufanana na huo ulipimwa kwa watu wazima 209, wengi wao wakiishi na VVU. Matokeo ya mwaka 2017 yaligeuka juu chini: waliopata utaratibu wa maji mengi walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida 33. Mgonjwa wa Lusaka hakuwa yule wa Detroit. Mwili wake ulikuwa umeliwa na VVU, mara nyingi na kifua kikuu juu yake, damu imepungua, na nyuma ya kitanda chake hakukuwa na mashine ya kumpumulia pindi mapafu yakijaa maji.

Wala haikuwa Lusaka peke yake. Majaribio matatu makubwa yaliyofanywa Marekani, Australia na nchi nyingine kadhaa, na Uingereza, yaliyotolewa kati ya 2014 na 2015, hayakuona faida ya utaratibu wa Detroit ukilinganishwa na huduma ya kawaida ya siku hizi. Kwa maneno mengine, kilichoagizwa kwetu kama ukweli wa wote kilikuwa jibu la hospitali moja, kwa wagonjwa wake, kwa wakati wake. Utafiti wa hapa kwetu ulikuwa umetoa onyo lake mapema: FEAST ilitangulia majaribio hayo matatu.

Damu, ridhaa na hofu

Utafiti wodini unaomba kitu kizito. Mzazi yuko na mtoto mahututi mikononi, na mtu asiyemjua anamweleza habari za makundi, nasibu na fomu. Pwani ya Afrika Mashariki hofu ya kuchukuliwa damu ina jina la zamani, mumiani, anayesemwa kuwa huwanyonya watu damu ili wengine watajirike. Kumcheka mwenye hofu hakusaidii. Utafiti kweli huchukua damu, sampuli nyingine kweli husafirishwa ng'ambo, na historia ina mabaya yake. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972, hata baada ya penisilini kupatikana. Kano, Nijeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilipima antibiotiki yake kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na madai ya kukosekana kwa ridhaa halali yakazaa kesi zilizodumu miaka mingi, hadi fidia ikakubaliwa 2009.

Ulinzi wa leo una tabaka kadhaa: Azimio la Helsinki la 1964 na marekebisho yake, kamati za maadili, na vyombo vya nchi vinavyosimamia utafiti na dawa, kama NIMR na TMDA nchini Tanzania, au KEMRI na Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya. Hata hivyo, fomu iliyotiwa dole gumba si sawa na kuelewa. Katika FEAST, pale ambapo hali ya mtoto haikuruhusu maelezo marefu, mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, kisha akaelezwa yote na kuombwa ridhaa ya maandishi baada ya mtoto kutulia. Wapo waliolaumu njia hiyo. Lakini njia nyingine ingekuwa kuwaacha watoto mahututi nje ya utafiti kabisa, na kuendelea kuwapa tiba ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwao. Kilifi, ambako KEMRI na shirika la Wellcome wameshirikiana tangu 1989, jamii huchagua wawakilishi wake wa kujadiliana na watafiti. Hilo ni jema kuliko vipeperushi elfu, mradi wawakilishi hao wawe na uwezo wa kusema hapana.

Katika lawama za maadili kuna moja inayopaswa kugeuzwa. Kabla ya FEAST walikuwepo waliosema ni ukatili kumnyima mtoto dripu ya haraka kwa ajili ya utafiti. Matokeo yalipotoka, waliokuwa hatarini zaidi walikuwa watoto waliopewa. Kumtibu mtu kwa tiba isiyopimwa, bila kamati, bila kumbukumbu na bila kumweleza, hakuitwi jaribio. Kwa mgonjwa ni jaribio tu, na ni jaribio baya, kwa sababu halimfundishi mtu yeyote.

Nani anauliza, nani analipa

Fedha za FEAST zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya utafiti wa wodi zetu: mfuko uko London, Brussels au Marekani. Madaktari wa Kiafrika wameongoza vituo na kuandika ripoti, lakini mwenye mfuko ana sauti katika kuchagua swali.

Soko nalo halisaidii. Kampuni ya dawa ina sababu ya kulipia utafiti wa dawa itakayouzwa. Nani atalipia utafiti wa kuacha kumimina maji? Nani atafaidika, kwa maana ya kuuza, akigundua kwamba mtoto asiye na homa aongezewe mililita 30 badala ya 20? Maswali yenye thamani kubwa wodini mara nyingi hayana kitu cha kuuza ndani yake. Hayo ndiyo ya kulipiwa kwa kodi.

Wala si kwamba hatujawahi kupima maswali ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970, hospitali za Afrika Mashariki, zikishirikiana na Waingereza, zilipima kama kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu. Dunia nzima ilikuja kufuata tiba ya muda mfupi iliyopimwa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Safari ndefu hadi kitandani

Jibu likishapatikana, kazi nusu imebaki. Matokeo ya FEAST yalichapishwa katikati ya 2011, lakini kitabu cha WHO cha huduma za watoto hospitalini kilichotoka 2013 kiliendelea kuelekeza dripu ya haraka. Mwongozo uliorekebishwa ulikuja 2016.

Pengine kizuizi ni dawa yenyewe. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi huua wengi wenye VVU. Utafiti wa AMBITION, uliohusisha Uganda na nchi nyingine nne za Afrika, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika mafuta, pamoja na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli, haikuwa duni kwa utaratibu wa siku saba za dripu. Waliokufa katika wiki kumi walikuwa asilimia 24.8 dhidi ya 28.7, na madhara ya dawa yalipungua. Lakini flusitosini, dawa iliyotengenezwa mara ya kwanza 1957, kwa muda mrefu haikusajiliwa katika nchi nyingi za Afrika. Ushahidi tuliutoa sisi, dawa ikabaki ya wengine.

Mfano wa kutia moyo ni E-MOTIVE, utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nijeria na Afrika Kusini, uliotolewa 2023. Haukuleta dawa mpya hata moja. Chini ya mama aliyejifungua uliwekwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Damu ikizidi, mambo yote yaliyokwisha kujulikana kusaidia yanafanywa pamoja badala ya moja baada ya jingine: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama hadi chanzo kijulikane. Kutokwa damu kulitambuliwa kwa asilimia 93 ya kesi, badala ya 51. Kutokwa damu kwa wingi sana, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufa kulishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Asidi ya traneksamiki yenyewe ilikuwa imethibitishwa 2017 na utafiti wa WOMAN wa akina mama 20,060. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuifikisha kwa wakati.

La kufanya

Hoja hii inadai mambo matatu. Wizara za afya zitenge fungu la kudumu la kupima tiba za kila siku, hasa zile zilizorithiwa kutoka miongozo ya mbali, badala ya kungoja swali liletwe na mfadhili. Hospitali za rufaa na za wilaya ziweke kumbukumbu safi za wagonjwa, kwa kuwa bila hizo hata swali zuri halina pa kuanzia. Na kila utafiti unaoomba kibali uulizwe mapema: matokeo yakiwa mazuri, dawa itapatikana hapa, kwa bei gani, na nani ataileta?

Kwa msomaji, siku ukiombwa wewe au mwanao kuingia katika utafiti, una haki ya kuuliza unalinganishwa na nini, nani anausimamia, damu yako inakwenda wapi, na kama unaweza kujitoa bila kupoteza huduma. Ukijibiwa vizuri, kubali au kataa kwa moyo mweupe. Na siku usipoombwa chochote, ukatundikiwa dripu au kudungwa sindano kama kawaida, uliza vilevile: tiba hii ilipimwa kwa nani?

Vifo visivyohesabiwa haviwezi kuzuiwa, na tiba isiyohojiwa haistahili kuaminiwa kwa sababu tu ni ya zamani.